Nyumba au Manyumba?

Mwanafunzi wa Kasongo aandika katika daftari lake: “Manyumba ya kijiji chetu yameezekwa kwa majani.” Mwalimu apiga mstari mwekundu juu ya neno la kwanza. Mtoto arudi nyumbani amenuna, maana mama yake husema hivyo, na bibi yake, na soko zima. Je, hawa wote wamekosea? Wanafunzi huliuliza sana swali hili, na wazazi wa Kabambare vilevile.

Kiswahili kilifika Maniema kwa miguu. Misafara ilitoka pwani, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare hata Kasongo, ambako Tippu Tip alijenga makao yake katika miaka ya 1870. Wangwana waliofuatana naye ndio walioacha lugha iitwayo Kingwana. Hata leo watu husema ya kwamba Kiswahili cha Kasongo chakaribia kile cha pwani kuliko cha Lubumbashi, na wenye kukisema hujivunia jambo hilo, pengine kupita kiasi.

Lakini kanuni ya mwalimu haikutoka huko. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwamo. Katika Kiunguja nyumba moja ni nyumba, na kumi ni nyumba. Wingi huonekana katika maneno yafuatayo: nyumba imeungua, nyumba zimeungua. Wasemaji wengi wa Kongo wametaka wingi usikike katika jina lenyewe.

Je, huo ni uharibifu wa lugha? Hatudhani. Pwani yenyewe husema mabwana, marafiki, madaktari, wala hakuna awapigiaye mstari mwekundu. Waingereza nao kondoo mmoja humwita “sheep”, na mia huwaita “sheep”. Wafaransa huandika herufi ya wingi mwishoni mwa jina, kisha mara nyingi hawaitamki. Kila lugha yachagua mahali pa kuonyesha hesabu. Basi, mwanafunzi aandike “nyumba” katika mtihani, kwa sababu ndivyo anavyopimwa. Nyumbani asimsahihishe bibi yake.

Lenye uzito zaidi limo katika karatasi za mahari na za deni. Mtu aandika kwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa: “Nimepokea mbuzi wa mahari.” Mbuzi mmoja, au watano? Sarufi haijibu, kwa kuwa hiyo “wa” yafaa kwa mmoja na kwa wengi pia. Miaka yapita, mwandishi afariki, na koo mbili zasimama mbele ya wazee, kila ukoo na hesabu yake. Kama angaliandika “mambuzi”, mwalimu angalikasirika, walakini wazee wangalijua angalau ya kuwa si mmoja. Wangapi hasa, hata hapo wasingalijua.

Kwa hiyo, enyi mnaoitwa kuandika kwa sababu mmesoma, andikeni idadi kwa neno na kwa tarakimu: mbuzi watano (5). Na yule beberu wa nyongeza, naye apewe mstari wake peke yake.