Gari Kuukuu la Dagoretti Corner Lina Somo kwa Walimu wa Lugha

Wahenga walituusia kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Usemi huo unawafaa sana watu wa makamo ambao, baada ya miaka ya kusoma, kulea na kulipa karo, hurejea ghafla katika mapenzi ya ujana wao. Wako wanaorudia kandanda, wako wanaorudia muziki. Mimi nimerudia magari ya zamani. Si kuyatazama wala kuyapangusa vumbi, bali kuyafungua, kuyabadilisha na kuyaongezea nguvu, kama nilivyofanya likizoni mwishoni mwa miaka ya 1990 nikiwa kijana. Mwenzangu mmoja chuoni ameniuliza iwapo isimu imenishinda. Jibu langu ni kwamba kazi hii ni elimu kamili, elimu yenye lugha yake, na lugha hiyo ni Kiswahili ambacho shule zetu zimekipa kisogo.

Vijana wa California, Marekani, ndio wanaosifika kwa kuueneza mchezo huu katika miaka ya 1930 na 1940. Walinunua magari makuukuu ya Ford kwa bei ya chini, wakayavua madigadi na kila kilichokuwa kizito, wakaziongezea nguvu injini zake, kisha wakashindana kwa mbio. Lakini nasi tunayo historia yetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na barabara zetu za matope na mawe ziliwafunza watu kwamba gari la ng'ambo halina budi kutengenezwa upya ndipo lihimili huku. Mwaka wa 1965 Joginder Singh, makanika mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant, waliibuka washindi kwa Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kushiriki Safari ya mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva mwingine, ndipo ndugu hao wakalichukua na kulirekebisha. Ushindi ule ulikuwa wa spana kabla ya kuwa wa usukani.

Gari nililonunua ni Datsun 160J. Hilo ndilo jina lililovuma nchini wakati Shekhar Mehta aliponyakua Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Kulipata si jambo jepesi. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo atafutaye gari la kale hutafuta miongoni mwa yale yaliyosalia humu humu, nyuma ya nyumba na chini ya miti. Langu lilikuwa limelala miaka mingi, injini imeshika, sakafu imeliwa na kutu.

Nililipeleka Dagoretti Corner, pale Barabara ya Ngong inapokutana na ile ya Naivasha, si mbali na makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Ni mahali pa maseremala, wachomeleaji na mafundi wa magari. Fundi wangu ni mzee aliyepita umri wa miaka sitini. Yeye huniita Mwalimu, nami humwita Mzee, na kwa hakika vyeo hivyo vingefaa kubadilishana.

Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba hatutagusa injini kabla ya breki. Anayeongeza mbio bila kuongeza uwezo wa kusimama, alisema, anajichimbia kaburi kwa pesa zake. Tulianza basi na breki, stelingi, bushi na mikanda ya usalama. Ndipo tukaingia kwenye injini. Ile ya asili, iitwayo L16, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,595. Tumeibadilisha kwa L18 ya ukoo uleule, yenye 1,770. Kipenyo cha silinda kimetoka milimita 83 hadi 85, na mwendo wa pistoni kutoka 73.7 hadi 78. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayolipa gari pumzi ya kupanda mlima. Na kwa kuwa sheria ni msumeno, badiliko hilo la injini sharti lisajiliwe na Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA.

Wako watakaosema kwamba kubadilisha gari la kale ni kuliharibu. Hoja yao ina uzito. Mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970 na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye Uwanja wa Mbio za Farasi katika Barabara hiyo hiyo ya Ngong, yametufunza kuenzi magari yaliyotunzwa vyema. Gari lililosalia kama lilivyotoka kiwandani liachwe lilivyo. Lakini lililokwisha kufa, je, lizikwe? Lugha yenyewe inatujibu: neno la kigeni halidumu kinywani mwetu mpaka tulirekebishe.

Msikilize fundi akitega sikio. "Injini inamisi," atasema, yaani moto haushiki vyema katika silinda mojawapo. Ikiwa chuma kinagonga chuma kwa kuwa beringi zimekwisha, atasema imenoki. Mwanafunzi wa isimu na atazame kitenzi hicho: inamisi, ilimisi, haimisi. Katika ukanushi irabu ya mwisho haibadiliki, sawasawa na hasafiri na hafikiri, vitenzi vyenye asili ya Kiarabu. Fundi hakufundishwa kanuni hiyo na mtu, wala haivunji. Na neno shokomzoba limezoea mno midomo yetu hata ni wachache wanaokumbuka kwamba lilitoka Uingereza.

Jambo linalonitia wasiwasi ni hili. Vijana wanaojifunza kazi pale hushughulikia zaidi magari mapya, ambayo ugonjwa wake husomwa kwa kompyuta. Kurekebisha kabureta mbili kwa sikio hadi zipumue pamoja ni ujuzi wa wazee, nao wazee wanastaafu. Ujuzi huo haukuandikwa popote kwa lugha unamoishi. Masomo ya ufundi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali somo la Kiswahili limeachiwa insha, methali na ushairi. Mwanafunzi huhitimu akiamini kwamba Kiswahili hakiwezi kuieleza injini, na huku nje ya lango la shule yake injini inaelezwa kwa Kiswahili kutwa kucha. Zipo juhudi za kuutambua rasmi ujuzi uliopatikana kazini bila cheti. Ni jambo jema, lakini fundi akiulizwa maswali kwa lugha asiyoitumia kazini, atakayeanguka ni lugha ya mtihani wala si ufundi wake.

Walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Muhula ujao wapelekeni wanafunzi kwenye gereji iliyo karibu, kila mmoja na daftari lake. Waandike jina la kila kifaa kama fundi anavyolitamka, kazi yake, na namna ya kukifungua na kukifunga. Mwishoni wamsomee fundi walichoandika ili awasahihishe. Shule kumi zikifanya hivyo, tutakuwa na mwanzo wa kamusi ambayo hakuna profesa awezaye kuitunga peke yake ofisini. Mimi nimeanza: daftari langu lina maneno zaidi ya mia mbili, nyingi ya kurasa zake zina alama za vidole vyenye grisi, na bado hatujafika kwenye difu.