Meli ya Mfano si Pambo: Somo la Manowari Iliyozama Mombasa

Wenzangu wa Pwani wakisikia kwamba fundi wa Makueni anaunda manowari ya mfano, huuliza: Mkamba na meli, wapi na wapi? Swali ni la haki. Kitui na Makueni hakuna bahari, na mito yetu mingi kiangazi hubaki mchanga mtupu. Lakini njia ya kuja kwenu ni ya zamani. Karne ya 19 misafara ya Wakamba iliteremsha pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa, na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849. Baadaye tukateremka na vinyago, na wachongaji wetu wakaweka chama chao cha ushirika Changamwe. Mimi kazi yangu naifanyia Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, na meli ninazounda nyingi huishia huko kwenu. Ndiyo maana naona ni wajibu wangu kuwaeleza tofauti ya meli ya pambo na meli ya mfano.

Meli ya pambo huundwa kwa macho. Fundi hutazama picha, akakata gogo, akasimamisha vijiti vitatu, akapaka rangi. Meli ya mfano huundwa kwa kipimo. Ukichagua kipimo cha moja kwa hamsini, kila kitu hugawanywa kwa 50 bila upendeleo. Meli ya mita 40 huwa sentimita 80. Mzinga wa mita mbili na nusu huwa sentimita tano. Kamba nene ya sentimita tano huwa uzi wa milimita moja, na baharia wa kimo cha mita 1.7 huwa na urefu wa sentimita 3.4. Kwa hiyo ukiona meli ambayo usukani wake ni mpana kuliko mlango wa nahodha, jua hilo ni pambo.

Watu wa Mombasa hawana haja ya kutafuta meli ya kuigwa ng'ambo. Iko mbele ya Ngome ya Yesu, chini ya maji. Ni manowari ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein, India, mwanzoni mwa miaka ya 1680, ikiwa na mizinga zaidi ya 40. Waomani walipoizingira ngome kuanzia Machi 1696, maradhi yakawa yanawamaliza waliokuwa ndani, na manowari hiyo ikaja kuleta msaada. Oktoba 1697 ikazama papo hapo bandarini. Ngome ikaanguka Desemba 1698. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimbua na kupima mabaki yake. Vitu vingi vilivyotolewa vimehifadhiwa katika makumbusho ya ngome. Ubavu wenyewe uliachwa chini ya bahari.

Sasa kazi yenyewe. Mchongaji wa kinyago hupunguza: anachukua gogo moja na kuondoa kisichotakiwa. Muundaji wa meli hujenga. Hutandika mkuku, husimamisha mataruma, ndipo apigilie mbao moja moja. Hapo mchongaji wa bara lazima akae chini ya fundi wa jahazi afundishwe. Mimi mkuku na mataruma huyatoa kwenye mwarobaini, ambao haujaadimika kama muhugu. Mizinga huichonga kwa vipande vya mpingo vilivyobaki kwenye vinyago, maana weusi wake unafanana na chuma bila kupakwa rangi.

Pana mambo mawili ambayo meli ya pambo huyakosa karibu kila mara. La kwanza ni ubavu. Mizinga ni mizito, kwa hiyo ile mikubwa huwekwa chini, na ubavu wa manowari hujikunja kuelekea ndani kadiri unavyopanda, ili uzito usielemee pembeni ikapinduka. Ubavu ulionyooka kama wa sanduku ni alama ya kazi ya haraka. La pili ni matanga. Milingoti ya mbele na ya kati ya manowari za wakati ule ilibeba matanga ya pembe nne, lakini mlingoti wa nyuma ulikuwa na tanga la pembe tatu kwenye foromali iliyolala mshazari. Mzee wa Lamu akiliona hatahitaji kuelezwa.

Kazi ya namna hii hunichukua miezi minne. Kwa muda huo naweza kutoa mapambo 30, na mnunuzi akifika huniuliza kwa nini hii ni ghali ilhali zote ni meli. Vijana niliowafundisha kutumia patasi wameona hesabu hiyo, na wawili sasa wanaendesha bodaboda. Siwalaumu. Kipimo kisipolipwa, hakuna atakayekaa kukijifunza.

Wapo watakaosema kuitukuza manowari ya Mreno ni kumtukuza Mreno. Mimi naona kinyume. Mtoto wa shule akioneshwa meli yenye vimizinga vinne vya kuchora, vita vya miezi 33 ataviona mchezo. Akihesabu mizinga 40 na zaidi, kisha akaambiwa kwamba chombo hiki kililala chini ya bahari ya kwao na ngome ikatekwa, atajua waliopigana pale walikabili nini.

Ombi langu kwa walimu, wenye hoteli na wazazi ni dogo. Mkitaka meli, msianze na bei. Mwulizeni fundi kwanza: umeipima kwa kipimo gani? Asiyekuwa na jibu, mlipeni bei ya pambo. Aliye nalo, mketisheni awaoneshe hesabu yake, kisha mpatane.