Paka Asiyeshiba: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kununua Dawa

Katika kata ya Mlali, wilayani Kongwa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya uwanda wa kati, paka hafugwi kwa ajili ya pambo. Hufugwa ili alinde mahindi, mtama na karanga dhidi ya panya, kwa kuwa mvua za huku ni za msimu mmoja na kilichovunwa hutakiwa kifike hadi mavuno mengine. Paka huyo anapolia jikoni kutwa nzima, akaramba masufuria na kuiba mboga ya watoto, wenye nyumba huamua ama kwamba ni mlafi, ama kwamba ana minyoo, na safari ya kwenda dukani huanza. Tunamwomba mtumiaji asubiri kidogo kabla ya kutoa fedha zake. Mara nyingi tatizo halimo tumboni mwa paka, bali limo katika sahani yake.

Paka wengi hupewa ugali uliobaki, pengine umechovywa katika mchuzi au mlenda. Chakula hicho hujaza tumbo, lakini paka ni mla nyama kwa maumbile yake, na mwili wake unadai protini kuliko wanga. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio ambamo paka waliachiwa wachague chakula wenyewe. Walijipatia takriban nusu ya nishati yao kutoka katika protini, na kiasi cha asilimia 12 tu kutoka katika wanga. Ugali ni kinyume cha mpangilio huo. Ndiyo maana paka aweza kumaliza sahani nzima na bado akaja kulia miguuni mwa mpishi.

Kuna jambo zito zaidi ya kelele. Paka huhitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki lakini si katika nafaka, na mwili wake hutengeneza kidogo mno. Akiikosa kwa muda mrefu, sehemu ya jicho inayopokea mwanga huharibika, na misuli ya moyo hulegea. Uhusiano huo wa taurini na ugonjwa wa moyo wa paka ulibainishwa na watafiti mwaka 1987. Mbwa wa nyumba hiyohiyo hustahimili makombo vizuri zaidi, na hilo huwapotosha wengi, maana hudhani paka ni mbwa mdogo.

Wapo wanaomnyima paka chakula kwa makusudi, wakiamini kwamba akishiba hatawinda. Imani hiyo haina msingi. Silika ya kuwinda haitegemei njaa, na paka aliyekula huendelea kukamata panya. Aliyekondeshwa, kinyume chake, hulihama ghala analopaswa kulilinda, akazurura majalalani na kula panya waliokwisha kula sumu. Sumu nyingi za panya huweza kumdhuru paka kwa njia hiyo, hata kama hakuigusa yeye mwenyewe. Nyumba inayotegemea paka na sumu kwa pamoja huenda ikajikuta haina paka.

Paka mkubwa wa kilo 3 hadi 4 huhitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Panya mdogo wa nyumbani humpa kama 30, kwa hiyo angehitaji kukamata saba hivi kila siku, jambo lisilowezekana wakati wote wa mwaka. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa. Kwa bei ya vijijini, tunaona dagaa wakavu ndio ununuzi wenye manufaa zaidi. Mnunuzi aombe wasiotiwa chumvi, awanuse, na akatae wenye mchanga mwingi au ukungu. Wachemshwe kabla ya kumpa paka, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, nacho huharibiwa na moto. Siku ya kuchinja, moyo na utumbo uliosafishwa na kuchemshwa ni chakula bora. Ini lisiwe la kila siku, kwa sababu vitamini A ikizidi hudhuru mifupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, wala chakula chenye kitunguu. Maziwa mabichi, ambayo wafugaji huyatoa kwa ukarimu, huwaharisha paka wengi wakubwa.

Kidogo cha ugali kikichanganywa na dagaa hao hakina ubaya, ila usipikwe kwa unga wa mahindi yaliyoota ukungu. Nafaka yenye sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na wanyama nao hawana kinga dhidi yake. Chakula kigawanywe mara mbili au tatu kwa siku, maana paka kwa desturi hula kidogokidogo. Anayenunua chakula cha paka cha kiwandani asome kama lebo inasema ni lishe kamili, na asikubali kilichofungwa upya katika mfuko usio na maandishi. Inafaa pia kumuuliza jirani: paka mwenye majina matatu katika nyumba tatu si mgonjwa.

Baada ya wiki chache za mlo huo, apimwe uzito. Atiwe kikapuni na kupimwa kwenye mizani ya nafaka, kisha uzito wa kikapu utolewe. Akiwa anakula vizuri na bado anakonda, hapo kuna sababu ya kumwona afisa mifugo. Vipande vinavyofanana na punje za mchele karibu na mkia ni dalili ya tegu, ambao paka huwapata kwa viroboto au kwa kula panya. Mwindaji huambukizwa tena na tena. Paka aliyepita miaka 10 aweza kuwa na ugonjwa wa tezi ya shingoni. Anayekunywa maji mengi kupita kawaida, kisukari. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mtoto anayekua wana haki ya kuwa na njaa, waongezewe tu chakula.

Kuhusu dawa tunasema bila kuficha: asipewe dawa ya minyoo ya mbuzi iliyokatwa kwa kukisia, hata muuzaji akisisitiza. Dawa za kupe na viroboto zenye permethrini, zinazouzwa kwa ajili ya mbwa na ng'ombe, huweza kumuua paka, na kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua pia. Mnunuzi ataje uzito wa paka, aangalie kama jina la mnyama huyo limeandikwa kwenye pakiti pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi, na adai risiti. Paka akianza kutetemeka, kutoa mate mengi au kupumua kwa shida baada ya kupewa dawa, apelekwe siku hiyohiyo kwa afisa mifugo, pamoja na pakiti yenyewe.