Chuma Hakiungwi kwa Moto Peke Yake

Tangu reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Voi, kisha ikaikata nyika ya Tsavo na kuendelea hata ikawasili ziwani Kisumu mwaka 1901, mji huu haujaacha kuishi kwa chuma. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliokuwa wakipigana na Wajerumani wa upande wa Kilimanjaro walitandika njia ya pili ya reli kutoka hapa kuelekea Taveta, ili kuwapelekea askari wao silaha na chakula. Na mwaka 2017 ikafunguliwa reli ya kisasa, ambayo nayo ina stesheni yake papa hapa Voi. Ukiongeza juu ya hayo malori yapitayo usiku na mchana katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, mashine za kuchakata mkonge huko Mwatate, zana za wachimbaji wa vito, bomba literemshalo maji ya chemchemi za Mzima hadi Mombasa, na nyua za kuwazuia tembo wasiingie mashambani, itakudhihirikia kwamba haipiti siku moja katika Taita Taveta pasipo kuwako chuma kilichovunjika kikingoja mtu wa kukiunga.

Mtu huyo aghalabu hudhaniwa kuwa hahitaji elimu kubwa. Wazazi wengi huamini kuwa kuchomelea ni kazi ya macho na mikono tu, na kwamba kijana akikaa mwaka mmoja kando ya fundi wa jua kali, akashika kijiti cha kuchomelea na kuzoea moto, amekwisha hitimu. Ama kumpeleka chuoni, kama vile Coast Institute of Technology iliyopo hapa Voi, au chuo cha ufundi stadi cha kaunti, huonekana ni kupoteza karo kwa jambo linalopatikana bure barabarani. Rai hiyo ina sehemu yake ya kweli, kwa kuwa mkono haufundishwi kwa kitabu. Lakini imesahau jambo lililo kubwa kuliko yote katika ufundi huu, nalo ni kwamba ubaya wa kiungo cha chuma hufichika ndani yake, na mtu akitazama kwa nje hawezi kuujua.

Na tuanze kwa kueleza kazi yenyewe. Fundi anapokigusisha kijiti chake na chuma kisha akakiinua kidogo mno, umeme huruka katika upenyo ule na kufanya tao lenye joto lipitalo nyuzi 5,000 za Selsiasi, ilhali chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa muda mfupi kingo za vyuma viwili na waya wa kijiti huyeyuka pamoja na kuwa dimbwi moja, ambalo likipoa huwa kitu kimoja. Hata hivyo hewa ni adui wa dimbwi hilo, kwani oksijeni na naitrojeni zikipenya ndani yake chuma hujaa vitundu na kuwa chepesi kukatika. Ndiyo sababu Oscar Kjellberg, mhandisi wa Sweden, alibuni mwanzoni mwa karne ya 20 hila ya kukivika kijiti ganda la dawa, ambalo likiungua hutoa moshi wa kulikinga dimbwi, na kuacha juu yake gamba gumu liitwalo slagi, ambalo fundi hulibandua kwa nyundo baada ya kazi.

Mwanafunzi wa chuo huanza hapo, kwa kujifunza kusoma kijiti kabla ya kukiwasha. Kile kilichoandikwa 6013, ambacho hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, humwambia kwa tarakimu zake mbili za kwanza kwamba chuma chake chaweza kuhimili mvuto wa ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Tarakimu ya tatu humwambia kuwa chafaa kwa kila mkao, iwe sakafuni, ukutani au juu ya kichwa. Na ya mwisho, ikisomwa pamoja na ile iliyotangulia, humweleza aina ya ganda na ya umeme unaokifaa. Cha 7018 kina nguvu zaidi, lakini sharti kihifadhiwe pakavu, na kikishika unyevu kikaushwe tanurini, kwa sababu haidrojeni itokayo katika maji hujipenyeza ndani ya chuma na kukipasua baada ya saa nyingi, pengine hata siku, wakati ambapo fundi amekwisha kulipwa na kwenda zake.

Kadhalika hufunzwa tabia za vyuma. Springi ya lori, kwa mfano, si chuma kama cha geti: ina kaboni nyingi, na ikichomelewa kisha ikapoa upesi, mahali palipopata moto huwa pagumu na kukatika kama kigae, hata kama kiungo chatazamika kuwa kizuri. Dereva aliyeungiwa springi namna hiyo huondoka akiwa na shukrani moyoni, naye amebeba hatari yake na ya kila atakayekutana naye njiani.

Mataifa makubwa nayo yaliyapata mafunzo haya kwa hasara. Marekani, katika Vita Kuu ya Pili, iliunda merikebu zaidi ya 2,700 za aina ya Liberty, ambazo mabamba yake yaliunganishwa kwa kuchomelewa badala ya kupigiliwa misumari ya ribiti, na baadhi yazo zikapasuka baharini. Na tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iliyoitwa Schenectady ilikaribia kukatika vipande viwili ilipokuwa imetulia gatini huko Portland, Oregon. Constance Tipper, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alithibitisha kwamba chuma cha merikebu zile kilipoteza unyumbufu wake katika baridi; na kwa kuwa mabamba yaliyochomelewa yalikuwa kitu kimoja, ufa ukianza haukupata ukingo wa kuuzuia. Mikono iliyounda merikebu hizo ilikuwa na bidii isiyo na shaka, ila maarifa ya chuma ndiyo yaliyokuwa bado hayajatimia.

Liko pia suala la uhai wa fundi mwenyewe. Mwanga wa tao una miale isiyoonekana ambayo huunguza uso wa jicho, na anayefanya kazi kwa miwani ya kawaida ya jua huamka usiku akihisi kana kwamba macho yamejaa mchanga. Bomba lililopakwa zinki likichomelewa hutoa mafusho yaletayo homa na kutetemeka. Na mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliuweka moshi wa uchomeleaji katika daraja la vitu vilivyothibitika kuleta maradhi hayo. Chuoni, barakoa yenye kioo cheusi, glavu za ngozi, aproni, na madirisha ya kupitisha hewa ni sehemu ya somo, wala si anasa ya mwenye fedha.

Milango ya elimu hii imefunguliwa kwa wengi. Katika utaratibu wa Kenya uliowekwa chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013, mafunzo yamepangwa kwa madaraja, na kwa kawaida aliyepata C- katika mtihani wa kidato cha nne aweza kuanza stashahada, aliyepata D huanza cheti, na aliyepungukiwa na alama hizo hupokewa katika ufundi wa mwanzo, kisha akapanda hatua kwa hatua. Wala fundi aliyejifunza barabarani hakuachwa nje, maana aweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, akapewa hati ya yale ambayo mkono wake wayajua tayari; na akiingia darasani baada ya hapo, mara nyingi huwapita vijana, kwa kuwa kila analoelezwa lina kisa anachokikumbuka.

Kwa hiyo neno langu kwa wazazi wa Voi, Wundanyi, Mwatate na Taveta ni kwamba wasimpeleke mtoto, awe mvulana au binti, katika ufundi huu kana kwamba ni adhabu ya kushindwa mtihani. Anayeunga tangi la maji la shule, ngazi ya hospitali au fremu ya lori hupokea amana ya watu asiowajua, ambao hawana njia ya kuikagua kazi yake, na amana ya namna hiyo yastahili akili iliyo bora kabisa katika nyumba. Nasi tunaolipia kazi tuna wajibu wetu: tumwulize fundi ametumia kijiti gani, na kwa nini, kabla ya kumwuliza bei. Swali hilo likizoeleka katika karakana zetu, mafundi wenyewe ndio watakaokuwa wa kwanza kuitafuta elimu ya kulijibu.