Je, Wajua? Shule ya Wanafunzi Watatu

Je, wajua kwamba iliwahi kuwapo shule ya msingi ya serikali, yenye walimu na madarasa kamili, ambayo kwa miezi kadhaa rejista yake yote ilikuwa na majina matatu tu? Ni McDonogh 19 ya New Orleans, Marekani.

Hadi asubuhi ya 14 Novemba 1960, shule hiyo ilikuwa ya watoto wa Kizungu watupu. Siku hiyo wakaja wasichana watatu Weusi kuanza darasa la kwanza: Leona Tate, Gail Etienne na Tessie Prevost, wakisindikizwa na maofisa wa usalama wa serikali kuu. Walikalishwa kwenye benchi. Wakiwa bado pale, wazazi wa Kizungu wakaanza kuingia na kuondoka na watoto wao, hadi jengo likabaki kimya.

Madirisha yalizibwa kwa karatasi ili walio nje wasiwaone. Maji ya kunywa yalifungwa, chakula kilitoka nyumbani, na saa ya mapumziko watoto hao walicheza chini ya ngazi, kwani uwanjani hapakuwa salama. Naona uchungu kila nikiwafikiria: wana miaka sita, na shule nzima ni wao kwa wao.

Siku hiyohiyo ya 14 Novemba, katika shule ya William Frantz mjini humo, msichana mwingine Mweusi, Ruby Bridges, naye alianza darasa la kwanza. Watoto wachache wa Kizungu walibaki huko, lakini si darasani mwake. Mwalimu Barbara Henry, mwenyeji wa Boston, alimfundisha yeye peke yake mwaka mzima.

Namba 19 ina kisa chake. John McDonogh, tajiri mwenye watumwa aliyefariki 1850, aliacha wosia mali yake isomeshe bure watoto maskini, wa Kizungu na Weusi walio huru. Shule zilizojengwa kwa urithi huo zikapewa jina lake na namba. Hata hivyo, namba 19 ilibaki ya Wazungu watupu hadi 1960, ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kupiga marufuku ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954. Hukumu hiyo ilikuwa rika moja na wasichana hawa.

Jengo bado lipo, Barabara ya St. Claude. Leona Tate alipigania lisipotee, na tangu 2022 lina makumbusho pamoja na nyumba za wazee. Siku hizi linaitwa Kituo cha Tate, Etienne na Prevost.