KAZI YAKO IKIKOSOLEWA, USITUPE KALAMU



Wapo wenzetu waliojifunza kusoma na kuandika ukubwani, na sasa wanatunga hadithi na mashairi. Hilo ni jambo jema sana. Lakini wengine wakikosolewa wananuna. Wengine huchana daftari na kuacha kabisa. Basi hadithi nzuri imepotea hivi hivi, kwa maneno mawili ya jirani.

Hebu tazama. Mtunzi anaandika hivi: "Juma alimwambia Ali kwamba ng'ombe wake amekufa." Je, ng'ombe ni wa nani? Wa Juma au wa Ali? Mtunzi anajua, maana ng'ombe huyo yumo kichwani mwake, mpaka rangi yake. Msomaji hajui, yeye ana karatasi tu. Ndiyo sababu mtunzi haoni kosa lake hata akirudia kusoma mara kumi. Huo si ujinga. Hata maprofesa yanawapata.

Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Uganda. Ngugi wa Thiong'o wa Kenya alikuwa bado mwanafunzi pale. Alikuwa ametunga hadithi ndefu kwa Kiingereza, haijachapwa. Akampa Chinua Achebe wa Nigeria, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1958. Achebe akaisoma, akamwonyesha mahali pa kurekebisha, kisha akawapelekea wachapaji habari zake. Mwaka 1964 kitabu kikatoka. Jina lake ni Weep Not, Child.

Wewe nawe mtafute mtu asiyeijua hadithi yako. Mwambie aisome kwa sauti. Wewe nyamaza. (Hapo ndipo pagumu!) Usimwambie, "Nilikuwa na maana hii." Kitabu kikifika Songea, hutakuwapo kumweleza msomaji. Anapokwama, tia alama kwa penseli. Watu wawili wakikwama pale pale, pafute uandike upya.

Lakini si kila neno ulikubali. Mwingine ana ugomvi wa mpaka wa shamba na wewe, anautolea kwenye hadithi. Akisema, "Hadithi yako mbaya," muulize, "Mbaya wapi?" Akikuonyesha mstari, huyo anakusaidia, hata kama sauti yake ni kali. Akishindwa kukuonyesha, mpe chai aende zake.

Na ninyi mnaosoma kazi za wenzenu, msiwacheke mbele za watu. Mtu mzima akichekwa barazani, daftari hulioni tena. Mwite pembeni. Mwambie kwanza palipokuvutia, halafu umwonyeshe ulipopotea njia.

Tumalize na ile sentensi ya ng'ombe. Iandike hivi: Juma alimwambia Ali, "Ng'ombe wako amekufa." Sasa tunajua nani wa kupewa pole.