Picha Haitumwi Mpaka Mama Aseme Imeiva

Saa tano asubuhi ya Ijumaa, katika mgahawa mmoja mdogo wa Ngamiani, Tanga, binti wa mwenye mgahawa amesimama mlangoni mwa jiko, simu mkononi.

"Mama, nipige?"

Mama anafunua sufuria, anachota rojo kwa mwiko, anaonja. "Bado, mwanangu. Nyama haijalainika."

Binti anarudi kufuta meza. Baada ya robo saa anaitwa: "Haya, njoo!" Picha inapigwa, na kabla watu hawajaelekea msikitini imeshawafikia wateja wake wa WhatsApp.

Utaratibu huo ulitokana na aibu. Ijumaa moja binti alitangaza biriani tangu alfajiri, akaandika kwamba ipo ya kutosha. Hakujua kuwa baba yake alikuwa amerudi kutoka sokoni na nyama pungufu. Saa saba na nusu sufuria ilikuwa tupu, na mlangoni wamejaa wateja, wengine wamekuja kwa bodaboda kutoka mbali. Baba, anayekaa kaunta, akabaki kuwaomba radhi mmoja mmoja.

Biriani si chai, useme utaongeza maji. Vitunguu hukaangwa taratibu mpaka vigeuke rangi, nyama hulazwa kwenye mtindi na viungo, rojo na wali hupikwa mbalimbali. Mteja akishafika, hakuna la kuharakisha. Ndiyo maana siku hizi familia hiyo hukaa kikao kila Alhamisi usiku: mama anataja kilo, baba anataja fedha, kaka mtu anayepeleka oda maofisini anasoma majina ya waliokwisha kuagiza. Binti huandika yote kwenye daftari. Tangazo la Ijumaa huanzia hapo.

Kikao hicho kina faida nyingine, nami naiona kubwa kuliko zote. Katika biashara ya familia, adabu ya nyumbani huweza kufunga midomo. Mtoto anaona nyama haitoshi, lakini atamwambiaje baba yake mbele ya wateja? Mke anajua shemeji anakula bure kila siku, anaona haya kusema. Kikaoni kila mmoja ana zamu ya kusema, na heshima inabaki palepale. Hata sahani ya shemeji huandikwa daftarini: inalipwa na baba, haipotei kimyakimya kwenye hesabu ya jiko.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye migahawa wengi huishika methali hiyo na kudharau matangazo. Lakini hata chema kinahitaji kujulikana, na picha nzuri ni ahadi. Anayeahidi ni binti mwenye simu, anayetimiza ni mama mwenye mwiko, anayelaumiwa ni baba wa kaunta. Watatu hao wasipozungumza, tangazo linawafukuza watu wale wale liliowaita.

Saa nane kasoro, biriani imekwisha. Binti anatoka na chaki, anaandika kwenye ubao wa mlangoni: "Biriani imekwisha. Ahsanteni. Kesho pilau." Mwanamume mmoja anayepita na baiskeli anasimama, anasoma, anamgeukia baba kaunta.

"Shikamoo mzee. Ijumaa ijayo niwahi saa ngapi?"

Baba anaitikia, kisha anamwita binti yake alete daftari.